Ngozi Inayopauka Dodoma: Kazi ya Asidi na Kazi ya Maji

Mwezi wa Julai ukiwa Dodoma, pitisha ukucha taratibu kwenye muundi wako kabla hujapaka chochote. Utabaki mstari mweupe unaoonekana hata na mtu aliyesimama hatua mbili kutoka kwako. Waliohamia kutoka Dar es Salaam au Tanga huushangaa mstari huo wiki zao za mwanzo. Waliokulia Makole, Bahi au Chamwino wameuzoea tangu utotoni. Weupe huo si uchafu. Ni seli za juu kabisa za ngozi zilizokauka na kuinuka kingo, hewa ikaingia kati yake, na hewa hiyo ndiyo inayotawanya mwanga hadi ngozi nyeusi ionekane ya kijivu.

Dawa anazokimbilia mtu hapo ni nyingi. Kuna anayechukua dodoki na kujisugua mpaka ngozi iwashe. Kuna anayenunua seramu ya asidi kwa sababu amesikia inaondoa ngozi iliyokufa. Mwingine anapaka mafuta ya mgando saa saba mchana juu ya ngozi iliyokwisha kukauka, na jioni analalamika kwamba mafuta ya siku hizi hayana kitu. Wote watatu wana sehemu ya ukweli, lakini wameishika bila kujua inaungana wapi na sehemu nyingine. Ninaandika haya kwa sababu nimeona nyuso nyingi za mabinti na vijana zikiungua bure kwa vitu ambavyo, vikitumika kwa mpango, vinasaidia kweli. Na jambo kubwa ninalotaka kusema ni hili: kwa hali ya hewa ya kanda yetu ya kati, maji ya ngozi hutangulia na asidi hufuata. Ukigeuza mpangilio huo, unaharibu.

Safu nyembamba kuliko karatasi

Sehemu ya ngozi inayozungumziwa kwenye habari hizi zote ni safu ya nje tu. Usoni na mikononi unene wake ni kati ya maikromita 10 na 20, yaani ni nyembamba kuliko karatasi ya daftari, ingawa nyayoni na viganjani ni nene zaidi. Ndani ya wembamba huo zimepangana seli kama 15 hadi 20, moja juu ya nyingine, zote zimekufa. Zilizaliwa chini, zikapanda polepole, zikajaa protini ngumu inayoitwa keratini, zikapoteza kiini chake, na mwishowe hudondoka. Safari nzima kutoka chini hadi kudondoka huchukua takriban wiki nne kwa kijana, na huwa ndefu zaidi kadiri umri unavyosogea.

Kati ya seli hizo kuna mafuta ambayo mwili wenyewe huyatengeneza. Karibu nusu yake ni seramidi, karibu robo ni kolesteroli, na sehemu nyingine ni asidi za mafuta. Aliyewahi kuishi kwenye tembe la Kigogo anaielewa kanuni hii haraka: miti na fito za paa haziwezi kuzuia mvua, kinachozuia ni udongo uliojaza nafasi kati yake, na udongo ukipasuka nyumba inavuja. Kwenye ngozi kinachozuiwa hasa ni maji yasitoke nje. Hewa kavu ikiyavuta maji, sabuni ikiyaondoa mafuta, mianya inafunguka na maji yanapotea kwa kasi kuliko mwili unavyoweza kuyarudisha.

Sasa lije jambo ambalo wauzaji wengi wa vipodozi hawalisemi. Seli za juu zimeshikana kwa vifungo vidogo vya protini. Ili seli ipate kudondoka, vifungo hivyo lazima vikatwe, na vinavyokata ni vimeng'enya vilivyomo humo humo kwenye safu ya nje. Vimeng'enya hivyo huhitaji maji ili vifanye kazi. Ngozi ikiwa na maji ya kutosha, seli hudondoka moja moja bila wewe kuona chochote. Maji yakishuka chini ya kama asilimia 10 ya uzito wa safu hiyo, ukataji unazorota, seli zinang'ang'ania, kisha zinabanduka kwa mafungu. Hayo mafungu ndiyo magamba meupe unayoyaona.

Kwa hiyo mlundikano wa "ngozi iliyokufa" kwa mkazi wa Nkuhungu mwezi wa nane mara nyingi ni matokeo ya kiu ya ngozi. Ukisugua kwa dodoki na skrabu ya chumvi, utayaondoa magamba ya leo, lakini utaifungua zaidi ile mianya, na kesho kutwa yatarudi yakiwa mengi. Nikimwona mtu ana miguu inayopauka hivyo, simshauri asidi kwanza. Namshauri majuma mawili ya kuinywesha ngozi, na wengi hugundua kwamba tatizo lililowafanya watafute asidi limeisha.

Asidi inagusa nini

Mtu akisikia tindikali hufikiria maji ya betri, na hofu hiyo ina msingi wake. Lakini ngozi yenyewe ni chachu kidogo: pH ya uso wake, yaani kipimo cha uchachu ambacho kikishuka uchachu huongezeka, ni kati ya 4.5 na 5.5 kwa mtu mzima mwenye afya. Asidi za vipodozi, zikiwa kwenye kiwango sahihi, haziunguzi seli wala kuziyeyusha. Hulegeza ule mshikamano wa seli za juu, ili zile zilizochelewa kuondoka ziondoke. Yaani zinasaidia kazi ambayo vimeng'enya vimeshindwa kuimaliza.

Matumizi yake ya kitabibu yalipata nguvu mwaka 1974, pale madaktari na watafiti wa Marekani Eugene Van Scott na Ruey Yu walipochapisha matokeo yao kuhusu wagonjwa wa iktiosisi, maradhi ya ngozi yenye magamba mazito. Waliwapaka asidi za kundi linaloitwa alfa-haidroksi, na magamba yakapungua. Kumbuka mwanzo huo: zilianza kama tiba ya ngozi kavu kupita kiasi. Habari za kung'arisha uso zilikuja baadaye.

Kundi hilo lina ndugu kadhaa, nao hutofautiana hasa kwa ukubwa wa molekuli. Asidi ya glaikoliki, ambayo kwa asili hupatikana kwenye miwa, ndiyo ndogo kuliko zote, kwa hiyo hupenya haraka na huwasha zaidi. Asidi ya laktiki, ile ile inayochachusha maziwa mgando, ni kubwa kidogo na mpole zaidi. Asidi ya mandeliki, inayotokana na lozi chungu, ina uzito wa molekuli maradufu ya glaikoliki, hupenya polepole, na kwa ngozi nyeusi inayoweka madoa upesi ninaiona ni mahali pazuri pa kuanzia usoni. Kuna pia asidi ya tatariki, na hapa Dodoma tuko nyumbani kwake, kwa sababu ndiyo asidi kuu ya zabibu na ndiyo inayoganda kama chengachenga kwenye mapipa ya mvinyo. Ukwaju nao umejaa hiyo hiyo.

Asidi ya salisiliki ni ya ukoo tofauti. Glaikoliki na wenzake hupenda maji. Salisiliki hupenda mafuta. Kwa hiyo inaweza kuingia ndani ya tundu la kinyweleo, ambako mafuta na seli zilizokufa zimeziba na kuanzisha chunusi, na kulizibua kutoka ndani. Pia hutuliza uvimbe. Kwa bidhaa za kujipaka mwenyewe, kiwango cha kawaida ni asilimia 0.5 hadi 2. Mtu mwenye chunusi na uso wa mafuta atafaidika nayo zaidi. Mtu ambaye shida yake ni muundi uliopauka atafaidika zaidi na laktiki. Asiyepatana na aspirini aiepuke salisiliki, kwani ni za jamii moja, na watoto wadogo wasipakwe mwilini kote. Mjamzito azungumze kwanza na daktari au mfamasia.

Kuna kundi la tatu, la akina glukonolaktoni, lenye molekuli kubwa zinazovuta maji. Huondoa magamba taratibu sana na haliwashi sana. Kwa ngozi nyepesi kukasirika, ndilo chaguo la busara.

Mambo ya jikoni nayo yana watu wake, kwa hiyo tuyaseme wazi. Ikiwa zabibu, ukwaju, ubuyu na maziwa mgando vyote vina asidi za jamii hizi, kwa nini tusipake tu? Maziwa mgando yana asidi kidogo, na kwa mtu mzima mwenye ngozi isiyo na jeraha hayana ubaya mkubwa wala faida kubwa. Ukwaju ni mkali kuliko watu wanavyodhani, na ukali wake hubadilika kutoka punje hadi punje. Limau na ndimu ndivyo vinavyoniumiza roho. pH ya limau ni kama 2.3, na kwa kuwa kila hatua moja kwenye kipimo cha pH ni mara kumi, limau ni kali mara mamia kuliko uso wa ngozi yako. Tena ndimu ina kemikali zinazoitwa furokumarini, ambazo zikibaki kwenye ngozi na kupigwa na jua husababisha kuungua kwa malengelenge, kisha doa jeusi linaloweza kukaa miezi. Anayekamua ndimu usoni asubuhi na kwenda kusubiri daladala juani anajitengenezea hasa lile doa alilotaka kulifuta.

Asilimia si kila kitu

Ukiingia duka la vipodozi pale Majengo, muuzaji atakuonyesha chupa mbili na kusema, "Dada'angu, hii ni asilimia tano, hii ni kumi. Chukua kumi, utaona matokeo haraka." Anasema kwa nia njema. Lakini asilimia peke yake haimwambii mtu nguvu ya asidi.

Asidi ikiwa kwenye maji hugawanyika: sehemu hubaki asidi huru, sehemu hugeuka kuwa chumvi yake. Inayopenya kirahisi na kulegeza seli ni ile iliyo huru. Mgawanyo huo huamuliwa na pH ya bidhaa. Kwa glaikoliki, pH ikiwa 3.8 hivi, nusu ya asidi ni huru. pH ikipanda hadi 4.8, iliyo huru ni kama sehemu moja kwa kumi. Piga hesabu: chupa ya asilimia 10 yenye pH 4.8 ina asidi huru karibu asilimia 1. Chupa ya asilimia 5 yenye pH 3.8 ina asidi huru asilimia 2.5. Ile "ndogo" ina nguvu mara mbili na nusu ya ile "kubwa".

Ndiyo maana bidhaa makini huandika pH yake, au mtengenezaji hukujibu ukimuuliza. Jopo la Marekani linalotathmini usalama wa viambato vya vipodozi liliweka mwaka 1998 kipimo ambacho hadi leo kinafaa kukumbukwa: kwa glaikoliki na laktiki za kujipaka nyumbani, isizidi asilimia 10, pH isiwe chini ya 3.5, na mtumiaji aelekezwe kujikinga na jua. Vile vichupa vya asilimia 30 na zaidi vinavyouzwa kwa ujumbe wa simu na kuletwa na bodaboda ni vya kutumiwa na mtaalamu kwa dakika chache, akiwa anaangalia ngozi inavyobadilika, kisha anaiosha asidi itoke. Nyumbani, mbele ya kioo cha bafuni, havina nafasi.

Jambo jingine ambalo lazima litenganishwe: asidi hizi si mkorogo. Haziui rangi ya ngozi. Zikiondoa seli za juu zilizobeba rangi nyingi, doa la chunusi hufifia kidogo kidogo na uso unakuwa wa rangi moja, rangi yako mwenyewe. Mkorogo ni kitu kingine kabisa. Ndani yake mara nyingi kuna haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali kama klobetasoli. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu bila usimamizi huweza kuleta weusi wa kibuluu usiotoka. Zebaki huharibu figo na mishipa ya fahamu. Steroidi hufanya ngozi iwe nyembamba, ipate michirizi na chunusi, na ukiacha ghafla uso unawaka. Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, baada ya TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, kugeuzwa kuwa TMDA na kubaki na dawa na vifaa tiba. Kopo lisilo na orodha ya viambato, au linaloahidi weupe kwa siku saba, liache dukani hata kama jirani yako analisifia.

Kuinywesha ngozi mahali pasipo na unyevu

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hupata mvua ya milimita 500 na kidogo kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya mwisho wa Novemba na Aprili. Miezi mingine ni jua, upepo na vumbi. Ushauri mwingi wa urembo tunaousoma umeandikwa na watu wanaoishi kwenye unyevu, iwe pwani yetu au Asia ya Mashariki, na kwenye kupaka mafuta tofauti hiyo inabadilisha kila kitu.

Vitu tunavyoviita vya kulainisha hufanya kazi tatu tofauti. Vingine huvuta maji na kuyashika, vingine hujaza nafasi kati ya seli, vingine hufunika juu maji yasiondoke. Losheni nzuri huwa na vyote vitatu. Shida huanza mtu anapotumia kimoja tu.

Gliserini ni mvutaji mkuu, wa bei nafuu, na kwa maoni yangu haina mpinzani. Mwili wenyewe una mlango maalumu wa kuipitisha kwenye ngozi. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba panya waliozaliwa bila mlango huo walikuwa na ngozi kavu, na walipopewa gliserini ngozi yao ikarejea. Lakini gliserini tupu, ile nzito ya chupa ya duka la dawa, ikipakwa kwenye ngozi kavu wakati hewa nayo ni kavu, haina pa kuvuta maji isipokuwa chini, ndani ya ngozi yenyewe. Huko pwani inaweza kuvuta unyevu wa hewani. Hapa Agosti haiwezi. Ndiyo maana mtu anaipaka akiwa Dar es Salaam anang'aa, akija nayo Dodoma inamkausha. Ichanganye na maji, ipake ngozi ikiwa bado na unyevu wa kuoga, kisha weka kitu cha kuifunika juu.

Asidi ya haialuroniki iko kwenye kundi hili hili la wavutaji. Jina lake huwachanganya watu, wakaihesabu pamoja na asidi za kuondoa magamba, na wengine wanaiogopa bure. Haibandui chochote. Ni molekuli kubwa inayoshika maji, na nyingi yake hubaki juu ya ngozi. Sheria ni ile ile: bila maji chini yake na kifuniko juu yake, kwenye upepo wetu haina msaada mkubwa, na kwa bei yake gliserini inanitosha.

Kiambato ninachokipenda kuliko vyote kwa kanda yetu ni urea. Wakulima wa Kongwa na Mpwapwa wanaijua kwenye mfuko wa mbolea, nayo ni molekuli ile ile, ingawa ya mbolea haijasafishwa kwa matumizi ya ngozi na isipakwe kamwe. Ndani ya zile seli zilizokufa kuna mchanganyiko wa asili wa kushika maji. Sehemu kubwa ni asidi amino, kisha laktati karibu asilimia 12 na urea karibu asilimia 7. Kwa hiyo krimu yenye urea asilimia 5 hadi 10 inairudishia ngozi kitu ilichokuwa nacho na kukipoteza. Ikipanda hadi asilimia 20 na kuendelea, urea inaanza kulainisha keratini na kuondoa magamba, nayo inafaa kwa magaga ya visigino. Asidi ya laktiki nayo ina tabia hiyo ya pande mbili, kwa kuwa laktati yake ni sehemu ya mchanganyiko huo wa asili. Kwenye kiwango kidogo huvuta maji, kikipanda hubandua. Mtu mwenye miguu ya Dodoma asiyetaka kununua chupa tano anaweza kuishi na losheni moja ya urea au ya laktati.

Wajazaji ni mafuta, na hapa tuna bahati. Mikoa ya Singida na Dodoma ndiyo moyo wa alizeti nchini. Mafuta ya alizeti yana asidi ya linoleiki, ambayo ngozi huitumia kutengenezea seramidi zake. Mafuta ya zeituni, yanayouzwa ghali na kusifiwa sana, yana zaidi asidi ya oleiki, ambayo huweza kulegeza ule mpangilio wa mafuta kati ya seli; ilipolinganishwa kwenye ngozi za watu, alizeti iliacha kizuizi salama na zeituni ikakidhoofisha. Chukua mafuta mapya ya mashine ya kukamua, yaliyotulia na kuchujwa, yawekwe mbali na jua. Yakianza kunuka ukali yameharibika, yatupe. Yaliyokaangiwa si ya mwilini.

Kifuniko ni mafuta ya mgando. Robert Chesebrough aliyapatia hataza Marekani mwaka 1872, na mpaka leo ni vigumu kupata kiambato cha kawaida kinachozuia maji kuliko hayo. Hayana maji ndani yake hata tone. Yanafunga kile yalichokikuta. Ukiyapaka mchana juu ya ngozi kavu, umeufunga ukavu, ukapata mng'ao wa saa chache. Ukiyapaka dakika mbili tatu baada ya kuoga, mwili umefutwa kwa kugusishwa taulo tu na bado una unyevu, umeyafunga maji. Kopo ni lile lile. Usoni mchana, kipindi cha upepo, yanashika vumbi, kwa hiyo yaweke usiku na mchana tumia losheni nyepesi.

Maji ya kuogea nayo yana mchango. Mji wetu unategemea sana visima vya bonde la Makutupora, na maji ya ardhini ya huku yana chokaa na chumvi. Sabuni ya kipande ikikutana na maji hayo hutengeneza utando unaobaki kwenye ndoo na kwenye ngozi. Sabuni hiyo ina pH ya 9 hadi 10, na vimeng'enya vinavyotengeneza seramidi hufanya kazi vizuri ngozi ikiwa chachu, hivyo kila kujipaka povu mwili mzima mara mbili kwa siku ni kurudisha nyuma ukarabati. Weka sabuni kwapani, sehemu za siri kwa nje, miguuni na palipochafuka kweli. Mikono na miundi isiyo na uchafu maji yanaitosha. Maji yawe ya uvuguvugu, hata asubuhi za baridi za Juni ambapo moto wa ndoo unatamanisha.

Kuviunganisha

Baada ya majuma mawili ya utaratibu huo, angalia kilichobaki. Kama bado kuna chunusi, madoa, vipele vya ndevu au magamba sugu, hapo asidi ina kazi. Anza usiku mmoja au miwili kwa wiki, kwenye ngozi iliyooshwa na maji tu au sabuni laini na kufutwa ikakauka, kisha losheni juu. Kuchonyota kidogo kwa dakika moja ni kawaida. Kuwaka, kuvimba au kubabuka ni ishara ya kuacha. Usiiweke asidi usiku mmoja na retinoli, ile ya kupaka ya jamii ya vitamini A. Ngozi yetu nyeusi hujibu kila jeraha dogo kwa kuzalisha rangi, kwa hiyo haraka ya wiki moja inaweza kulipwa kwa doa la miezi sita.

Vijana wa kiume wanahitaji tahadhari ya ziada. Kwenye saluni nyingi za kunyolea, baada ya mashine hufuata skrabu ya chengachenga, halafu spiriti. Ngozi inakuwa imekwanguliwa mara tatu kwa nusu saa. Kijana akirudi nyumbani na kupaka glaikoliki usiku huo huo, ataungua. Asidi inasaidia kweli vipele vya ndevu, kwa kuwa nywele zetu za kujipinda hunasa chini ya seli zilizokufa na asidi huzifungulia njia, lakini asubiri siku moja au mbili baada ya kunyoa, na amwambie kinyozi aache skrabu.

Na jua. Glaikoliki ikitumika kwa wiki nne huongeza wepesi wa ngozi kuungua na miale ya jua, na hali hiyo hurudi kawaida ndani ya kama wiki moja baada ya kuacha. Sisi tuko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na kila mita 1,000 za mwinuko huongeza miale hiyo kwa karibu asilimia 10. Anayetumia asidi bila mafuta ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, kofia au mtandio, anajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Kwa wenye madoa, chagua ya kukinga jua yenye rangi ya kahawia ndani yake: ile rangi ni oksidi ya chuma, nayo huzuia hata mwanga wa kawaida unaoweza kuzidisha weusi wa doa. Ndugu zetu wenye ualbino wao kinga ya jua ni ya lazima kila siku, na asidi hizi wasiziguse bila daktari wa ngozi.

Ngozi yenye pumu ya ngozi, yenye vidonda, inayotoa maji au inayowasha usiku hadi mtu halali, isipakwe asidi yoyote. Ipakwe mafuta ya mgando tu na mgonjwa aende hospitali, kwa sababu ukavu wa namna hiyo unaweza kuwa maradhi yanayotibika.

Mvua zikishika Desemba, hewa itabadilika na ngozi itabadilika nayo. Mafuta ya mgando usoni punguza au acha, losheni nyepesi itatosha, na wenye chunusi wataona mafuta yanaongezeka. Wakati huo salisiliki mara mbili tatu kwa wiki inavumilika kuliko ilivyokuwa Agosti. Mei ikifika na upepo ukianza, rudisha urea na kifuniko kwanza, asidi ipunguzwe hadi mara moja kwa wiki.